Mrija Aliofuta Elikana

Kona yenyewe iko juu kabisa. Unatoka Gitega, unaanza kupanda milima ya upande wa Mutoyi, barabara inajikunja mara kumi na saba, halafu unafika. Imejipinda hivi kwamba shoferi akipiga honi anajishtua mwenyewe. Mwanangu Sefu, anayeendesha hiasi ya kutembeza watalii, siku moja aliona taa nyekundu za gari mbele yake, akalitukana limpishe, kumbe ni makalio ya gari lake. Mi nilikuwa kiti cha mbele, niliona kwa macho yangu, na wakati huo macho yalikuwa bado mazima.

Ukifika kwenye kona, mlima unakatika ghafla. Chini iko bonde, na asubuhi bonde linajaa ukungu mweupe hadi mdomoni, vilima vinatoa vichwa tu kama ng'ombe wanaovuka mto. Wazungu wakiona hivyo wanashuka kabla gari halijasimama. Wengine wanashika mashavu. Mama mmoja alilia kabisa, na wanawake wa kilima wakamtafutia karafuu wakidhani ni jino.

Hapo palikuwa pa Elikana. Leo ukimuulizia kilimani watakwambia yule mrozi, yaani mtu anayetia watu sumu, na watatema mate pembeni. Basi acha nimseme mimi, Mama Sefu, kwa kuwa nilikuwepo toka mwanzo hadi mwisho, na katikati nilitia mkono wangu.

Elikana alizaliwa Tanzania, Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Baba yake alikimbia mwaka wa sabini na mbili, hakubeba kitu isipokuwa jembe moja na mke mwenye mimba, na mimba hiyo ndiyo Elikana. Alikulia huko, alisoma huko, aliokoka huko, na huko alimuoa Jeska, naye mtoto wa wakimbizi. Aliporudi Burundi alikuwa mtu mzima wa watoto watatu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa anasema tafadhali mpaka kwa mbuzi. Kirundi chake sasa, watoto wa kilima walikuwa wanamfuata nyuma wakisikie wacheke.

Kilimani alimkuta baba yake mdogo, Venansi. Huyu hakukimbia. Alibaki akalinda shamba la ndugu wawili kwa zaidi ya miaka thelathini, akalilinda vizuri mpaka akasahau kwamba nusu si yake. Venansi ni mzee mrefu, mkavu, anacheka kwa meno ya chini tu. Akikupa papai, ujue ameshaona funza ndani. Wazee wanaoamua kesi za kilima, tunaowaita bashingantahe, walimwambia mtoto wa kaka yako amerudi, mgawie. Akagawa. Yeye alichukua migomba na kahawa, akasema ameshaizoea. Kule juu akampa Elikana, akasema kule kuna hewa.

Hewa ilikuwepo, kweli. Udongo ndio haukuwepo. Ni miamba mitupu, jembe likigusa linatoa cheche, na Jeska alikuwa hanunui kiberiti: akitaka kupika anamwambia mumewe alime kidogo karibu na mafiga. Elikana alimshukuru baba mdogo mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa kumpelekea jogoo. Mi ningempelekea nyoka.

Miaka ikapita hivyo, Elikana analima mashamba ya watu kwa kibarua. Halafu wakaja watu wa barabara. Walipasua mwamba, wakalaza kaburimbo, ile lami nyeusi tii, na mbele ya mlango wa Elikana wakasawazisha uwanja wa kuegesha malori yao ya kokoto. Kazi ilipokwisha malori yaliondoka, uwanja ukabaki. Gari la kwanza la watalii lilisimama pale kwa sababu mzungu mmoja alitaka kutapika. Kona kumi na saba si mchezo. Alishuka ameshika tumbo, akainua kichwa, akaona bonde, akasahau kutapika. Jeska alimwonea huruma akamletea kikombe cha kahawa.

Sisi huku kahawa tunailima wote, ila kuinywa hatuinywi. Tunaichuma, tunaipeleka kuoshwa, inakwenda Ulaya, basi. Elikana ndiye mtu wa kwanza kilimani kuikaanga. Alikuwa anaikaanga kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, Jeska anaitwanga kwenye kinu, na harufu yake ilifika hadi Karuzi, mbwa wa huko wakashindwa kubweka. Mzungu yule alikunywa vikombe vitatu. Wiki iliyofuata alileta wenzake, na wenzake wakaleta wenzao.

Elikana akakata mikaratusi akatengeneza mabenchi, akayaelekeza bondeni. Hapo sasa kilima kizima kikaanza kula. Wanawake wakaleta vikapu vyao vya mfuniko mrefu. Wakaja wa asali, wakaja wa matunda ya marakuja, wafinyanzi wakaleta vyungu vidogo vidogo ambavyo havipiki kitu, lakini wazungu wanavipenda. Mi nilileta mikeka yangu kutoka Muyinga, tena mikeka mingine ilikuwa imetoboka, nikasema ndiyo mtindo wa kina malkia wa zamani, wapitishe upepo. Elikana hakumfukuza mtu. Alichofanya ni kutupanga: leo wewe uko karibu na magari, kesho mwenzako. Nyumba za kilima zilivaa mabati. Wasichana wakarudi shule. Hata Venansi alikuwa anakuja kuuza ndizi zake mbivu, anakaa kwenye kivuli cha mtoto wa kaka yake, uso kama mtu anayemwona mbuzi wake amefungwa kwenye kigingi cha jirani.

Na pengine angekaa hivyo hadi kufa. Lakini komini, ile ofisi ya serikali ya huku, ilituma habari kwamba mahali watalii wanaposimama pataandikwa kwenye daftari, patajengwa choo na paa, na mwenye mahali apeleke neno la ukoo lililosemwa mbele ya bashingantahe. Neno lenyewe ni fupi. Venansi, mkubwa wa ukoo, alitakiwa asimame aseme: pale ni pa Elikana. Akilisema, Elikana na watoto wake wana kona yao hadi mwisho wa dunia. Asipolisema, miamba inarudi kwenye jina la mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo tumeshamtaja.

Neno kama hilo halisemwi na koo kavu. Lazima kiletwe chungu cha impeke, ile pombe ya mtama inayonyonywa kwa mirija, wazee wamekizunguka kama ndama. Elikana alikuwa mlokole. Alikwenda kumuuliza pasta wake, Zakaria, mwenye kanisa dogo la matofali mabichi huko chini, kama inaruhusiwa kununua pombe. Pasta aliomba Mungu siku saba. Siku ya nane akajibu kwamba kununua ni kununua, na kumeza ni kumeza; cha kwanza Mungu atakitazama kwa jicho moja, cha pili atafungua yote mawili. Elikana akafurahi. Akanunua chungu kikubwa kuliko vyote.

Sasa pombe hiyo iko na sheria yake, na sheria hiyo haijaandikwa popote, maana kila mtoto aliyezaliwa huku ameiona kabla ya kuota meno. Mwenye chungu ndiye anaonja kwanza. Anachomeka mrija, anavuta, anameza, koo linapanda na kushuka watu wakiona, halafu ndipo anampa mgeni. Maana yake ni kwamba kilichomo humu, kama ni kifo, basi mimi ndiye wa kwanza. Asiyeonja hajakupa pombe. Amekupa kitu kingine.

Elikana hakujua. Angejulia wapi? Harusi alizoziona maisha yake yote ni za soda. Kingine, alipokuwa mtoto kambini kipindupindu kilipita, kikachukua nyumba hadi nyumba, na mama yake alimfundisha kwamba chombo chochote unachompa mkubwa, ukifute kwanza. Hiyo ndiyo adabu aliyokuja nayo.

Mi nilijua. Mi ni Mwislamu, nina kilemba changu, pombe sigusi na hakuna anayenishangaa, lakini nimekaa na watu hawa miaka sabini, sheria zao ninazo kiganjani. Siku tatu kabla, nilikaa na Jeska tukichambua maharage, na maneno yalifika hadi hapa kwenye ulimi. Nikayameza. Nilijiambia kwamba mwingine atamwambia. Halafu pia, niseme kweli, nilitaka kuona.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wazee saba, Venansi wa nane, wamekaa kwenye mabenchi ya mikaratusi, chungu katikati, povu linapumua. Elikana amevaa koti la kanisani. Alipiga magoti mbele ya chungu, akachukua mrija wa kwanza, akatoa mfukoni kitambaa cheupe ambacho Jeska alikipiga pasi hadi kikaweza kusimama chenyewe, akaufuta ule mrija kutoka juu hadi chini. Akaugeuza. Akaufuta tena, polepole, kwa mapenzi, kama anamfuta mtoto mchanga. Halafu akamnyooshea Venansi kwa mikono miwili.

Wazee wakavuta magoti nyuma. Hata inzi walisogea pembeni.

Venansi aliupokea, akautazama, akakitazama kitambaa.

"We hunywi, mutoto wa kaka?"

"Baba mdogo, mimi nimeokoka. Pombe situmii. Hii ni kwa heshima yenu."

"Sikusema ulewe. Nasema uonje."

"Naomba unisamehe. Nimemwahidi Mungu."

Venansi akawageukia wazee, na meno ya chini yakatokeza. "Mumesikia," akasema. "Amemwahidi Mungu asiguse kitu ambacho sisi anatupa tumeze."

Mzee mmoja alichukua fimbo yake akasimama, wa pili naye, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, na wakati kwetu hata mwizi anaagwa. Aliyebaki ni mzee Elias, mwenye tumbo lililovimba tangu kiangazi cha nyuma na miguu kama magunia. Elias alisema yeye ana miaka themanini na kitu, sumu ikitaka kumpata itabidi ipange mstari nyuma ya magonjwa mengine. Akavuta chungu karibu, akanyonya hadi mrija ukakoroma chini. Akamshukuru Elikana, akaenda zake akiimba. Lakini neno la ukoo halikusemwa.

Siku ya tisa Elias alikufa.

Muuguzi aliyemjua alisema ini lake lilikuwa limeisha kitambo, lilibaki jina tu. Watoto wake wenyewe walikuwa wameshaandaa mbao. Kwa hiyo watu walisitasita. Walikuwa wanasema, halafu wanasema lakini. Ile lakini ingeweza kumwokoa Elikana.

Hapa ndipo mkono wangu ulipoingia. Jumanne moja nilikuwa soko la Gitega na wauza vikapu, mvua inanyesha, hakuna mteja, tumechoka kutazamana. Wakataka hadithi. Nikawaambia kwamba siku ile Jeska alimwaga machicha ya chungu nyuma ya nyumba, kuku watatu wakaja kudonoa. Wa kwanza akaenda kinyumenyume hadi barabarani. Wa pili akawika kama jogoo, na alikuwa tetea. Wa tatu akataga yai jeusi, yai likapasuka lenyewe, ndani hamna kitu ila moshi. Kisha wote watatu wakalala chini wakakauka, vidole vimeelekea nyumba ya Elias. Wanawake walicheka hadi wakashika nguzo za kibanda. Ilikuwa hadithi nzuri, sikatai. Nimeshatunga kubwa zaidi, ile ya Sefu na taa zake hakuna aliyewahi kuiamini. Hii waliiamini.

Baada ya wiki mbili, bwana mmoja alikaa kwenye baraza langu mwenyewe, mjini Muyinga, akanihadithia. Kuku walikuwa wameshakuwa ng'ombe saba. Aliapa kwa marehemu baba yake kwamba mizoga aliiona. Nikamwambia hapana, walikuwa kuku tu.

Sefu aliposikia alinijia, akaniomba nirudi kilimani niwaambie watu kuwa nimetunga. Nikamwambia, mwanangu, mi ninajulikana kwa uongo hadi Giteranyi. Nikisema nilidanganya, watasema hapo ndipo ninapodanganya. Sefu akachukua ndoo. Kisha akaenda kuosha gari.

Watalii hawachagui pa kusimama. Shoferi ndiye anasimama, na shoferi anasimama pale anapokula. Tangu siku hizo hakuna shoferi aliyegusa kikombe cha Jeska. Venansi alikata mikaratusi yake, akatengeneza mabenchi mapya mbele kidogo, hatua kama mia mbili, mahali ambapo unaona nusu ya bonde na nusu nyingine ni mgongo wa jiwe. Magari yakahamia huko. Vikapu vikafuata magari, asali ikafuata vikapu. Na mimi nilikunja mikeka yangu nikaenda. Nusu ya bonde yenye wateja ni nzuri kuliko bonde zima lenye Elikana peke yake.

Kila asubuhi aliendelea kukaanga kahawa. Harufu ilikuwa inatufikia, wazungu wananusa, wanageuza shingo, wanauliza ni wapi. Mashoferi waliwajibu kwamba kule kuna nyumba ya mgonjwa. Kwenye bomba la maji, Jeska akija kuteka, wanawake walikuwa wanavuta madumu yao nyuma, kila mmoja lake. Ni wanawake walewale ambao mabati yao yalitoka kwenye uwanja wa mumewe. Mwalimu aliwaambia watoto wao watatu wakae benchi moja, wenyewe tu, karibu na dirisha.

Waliobaki kumsalimia Elikana ni wa kanisa la pasta Zakaria, watu kama ishirini. Walimkopesha mbegu. Walikuja kuomba nyumbani kwake. Pale alikuwa bado ndugu Elikana.

Ikapita miezi mitano. Komini ikauliza tena habari ya lile neno. Hapo bashingantahe, ambao si watu wabaya, ni watu wenye kiu tu, walimtumia Elikana ujumbe: lete chungu kipya, kaa mbele yetu, onja kwa mdomo wako, kila mtu aone, na mambo yataisha. Venansi alikubali haraka. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini anakubali haraka, lakini Elikana alikuwa na moyo mzuri, na moyo mzuri haujiulizi.

Alikwenda kwa pasta. Akamwambia watoto wake hawasalimiwi. Pasta Zakaria alimsikitikia kwa kweli, machozi yalimlenga, kisha akamwambia tone moja likipita kooni jina lake litasomwa kanisani na atatoka mlangoni. Akamkumbusha yule mtu wa kwenye Biblia aliyetupwa kwa simba bila kubembeleza. Elikana alirudi nyumbani akakaa Jumapili mbili hajaamua. Jeska ndiye aliyemaliza.

"Mungu anajua kusamehe," alimwambia. "Venansi hajui. Kunywa."

Venansi aliomba shauri lisikilizwe kwake, kwenye mabenchi yake, akasema pale kuna kivuli. Siku yenyewe kilima chote kilikuja. Mi nilipata mahali pazuri, mbele, nilikalia mkeka wangu mwenyewe. Katikati ya mambo hiasi ya Sefu ikafika na wazungu sita, Sefu hakujua, angejua asingesimama. Venansi aliwakaribisha kwa mikono, akasema waje waone desturi yetu. Wakaja, wakachuchumaa, wakatoa simu zao.

Elikana alipiga magoti. Safari hii hakuleta kitambaa. Alichomeka mrija, akafumba macho, midomo ikatembea kidogo, nadhani alikuwa anaaga huko juu, halafu akavuta. Koo likapanda. Likashuka. Uso ukakunjamana kama mtoto aliyepewa dawa ya malaria, akakohoa, machozi yakamtoka, akavuta tena ili pasiwe na ubishi. Wazungu wakapiga makofi. Mzee mmoja alishaanza kunyoosha mkono kuchukua mrija wake, na Jeska, aliyekuwa amesimama nyuma na watoto, niliona mabega yake yakishuka. Nilifikiri limekwisha. Nisiseme uongo hapa: nilifurahi kidogo.

Venansi akainua mkono.

"Kumbe koo lako iko nzima," akasema polepole, wala hakukasirika. "Kumbe Mungu unaweza kumgeuka, na hakuna kinachokupata. Umekunywa, umefuta mdomo, uko hapa. Basi siku ile ya Elias, mutoto wa kaka, nini ilikuzuia?"

Nimelitafuta jibu hilo miaka miwili sasa. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu, nilishamwambia polisi wa barabarani kwamba Sefu ana mimba na akatuacha tupite, jibu la swali lile sijalipata. Asipokunywa ni mrozi. Akinywa ni mrozi aliyejua siku ya kutokunywa. Angesema nini? Alisema, "Baba mdogo," akaishia hapo. Yule mzee aliyenyoosha mkono aliurudisha taratibu, akauweka chini ya koti.

Neno la ukoo lilisemwa siku hiyo. Venansi alisimama akalisema kwa sauti ya kusikika na wote: pale ni pa ukoo. Wazee wakaitika. Pombe ya chungu kile walimwaga korongoni, na wazungu wakamuuliza Sefu kama kumwaga nako ni desturi. Sefu akasema ndiyo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Pasta Zakaria alisoma jina. Elikana alisimama kwenye mstari wa tatu, akaweka kitabu cha nyimbo juu ya benchi kwa sababu kilikuwa cha kanisa, akatoka katikati ya watu ishirini waliokuwa wanatazama miguu yao. Jeska akawashika watoto akamfuata. Mlangoni mama mmoja alivuta sketi yake isimguse. Hilo nilihadithiwa, sikuliona, lakini aliyenihadithia ndiye mwenye sketi.

Venansi alimpa wiki moja. Mabati ya nyumba alisema yabaki, yametokana na mahali. Mabenchi nayo yabaki. Kigae cha kukaangia kahawa alikiomba, kwa upole kabisa, maana wageni walikuwa wanaiulizia ile harufu, na Elikana akakiacha. Alichobeba ni mlango, mlango wa mbao aliotengeneza kwa mikono yake mwaka aliorudi, Venansi hakukumbuka kuukataza. Jeska ana shangazi anayeishi Mwakiro, kwetu Muyinga huku, mwenye chumba cha uani. Wangekaa hapo, wakilima kwa watu.

Asubuhi waliyoondoka mi nilikuwa natoka Gitega na Sefu, kiti cha mbele, nyuma wazungu wanne. Tulikuwa tumeshaipita kona ya Venansi, wageni wameshakunywa kahawa yake iliyoungua, tunateremka upande wa pili. Tukawakuta kwenye mteremko. Elikana anasukuma baiskeli, mlango umefungwa juu yake kwa kamba, unaning'inia huku na huku. Watoto wanashikilia nyuma usiwashinde. Jeska ana mzigo kichwani na sufuria mkononi.

Mama mmoja wa kizungu aligonga kioo kwa kidole, akamwomba Sefu asimame. Sefu alijifanya hasikii. Mama akagonga tena. Gari ni la tajiri, si la Sefu, na wageni wakilalamika Sefu hana kazi, akasimama. Akashuka, akamwendea Elikana, akamwomba kwa Kiswahili cha chini sana, macho yapo kwenye kaburimbo, kwamba wageni wanataka picha moja, kama haitamsumbua.

Elikana alisema haina shida. Akasimama.

Yule mama alitaka asogee kidogo, bonde lionekane nyuma. Akasogea, na baiskeli, na mlango. Jeska alikuwa ameshatua mzigo chini apumzike. Mama akaonyesha kwa mikono, akitabasamu vizuri tu, kwamba angependa urudi kichwani kama ulivyokuwa. Sefu hakutafsiri. Haikuhitaji kutafsiriwa. Jeska aliinama, akaupandisha tena.

Mi nilikuwa nimeteremsha kilemba hadi kwenye nyusi, lakini kioo kilikuwa wazi na Elikana ana adabu. Aliniona.

"Shikamoo, Mama Sefu," akasema.

Nikaitika marahaba, mwanangu.

"Mwambie mgeni apige haraka. Mlango mzito."

Nikamwambia Sefu, Sefu akamwambia mgeni. Mgeni akaomba radhi, akapiga nyingine mbili, na moja ya Jeska peke yake.